Draiva ya Grafiki Inapoanguka Katikati ya Gemu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mwenye kompyuta ya Windows, iwe ya mezani au laptopu, yenye grafiki za Nvidia, AMD au Intel. Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na kadi ya grafiki, kifaa kinachochora picha unayoiona kwenye kioo. Nimeyapanga jinsi ninavyofanya kazi mwenyewe: kwanza kujua kilichotokea, ndipo kugusa kitu. Wengi huanza kwa kugusa, na baada ya wiki hawakumbuki tena walibadilisha nini.

Kioo kilikuwa cheusi sekunde chache, kikarudi, na gemu ikawa imejifunga. Nini hasa kimetokea?

Windows imeizima draiva yako na kuiwasha upya. Tangu Windows Vista mfumo huu una mlinzi aitwaye TDR (Timeout Detection and Recovery). Kadi ya grafiki ikipewa kazi na zikapita sekunde 2 haijaimaliza wala haijapisha kazi nyingine, mlinzi anaamua kwamba imeganda. Anaiwasha upya, na kioo kinarudi. Tatizo ni kwamba vitu vyote ambavyo gemu ilikuwa imeviweka kwenye kumbukumbu ya kadi, kama ramani, nyuso za wachezaji na vivuli, vimeshafutika, na gemu nyingi hazijui kuvijenga tena. Ndiyo maana unarudi kwenye dawati lako salama huku gemu imekufa.

Hali hiyo ikijirudia zaidi ya mara 5 ndani ya dakika 1, au draiva ikikataa kabisa kuamka, unapata kioo cha bluu chenye namba 0x116, VIDEO_TDR_FAILURE. Enzi za Windows XP kadi ikiganda, mara nyingi kompyuta nzima iliganda nayo na ulibaki na kitufe cha kuzimia tu. Kwa hiyo huyo mlinzi msimchukie, anaokoa kazi zenu nyingine zilizokuwa wazi.

Ujumbe unasema draiva imeacha kujibu. Kosa si la draiva, basi?

Mara nyingine ni lake. Mara nyingi si lake, na hapa ndipo watu wanapoteza siku na bando.

Mfikirie mjumbe wa nyumba kumi. Amebisha hodi kwenye nyumba fulani, hakuna aliyeitika, akaenda kutoa taarifa kwamba nyumba ile haijibu. Taarifa yake ni ya kweli. Lakini hajui kama wenye nyumba ni wagonjwa, wamelala, wamehama, au mlango umekwama. Draiva iko hivyo hivyo. Ndiyo inayozungumza na kadi, kwa hiyo kadi isipojibu, jina linaloandikwa kwenye ripoti ni la draiva. Nyuma ya jina hilo anaweza kuwepo yeyote kati ya hawa: draiva mbovu kweli, gemu iliyotuma amri zisizo sahihi, kadi iliyochemka, pawa saplai iliyoelemewa, ramu yenye hitilafu, spidi iliyopandishwa kupita kiasi, prosesa inayokosea hesabu, au kadi inayokaribia mwisho wake.

Ukiifuta na kuirudisha draiva mara nne na tatizo likabaki palepale, usiifute mara ya tano.

Nianzie wapi?

Chukua daftari. Andika tarehe, saa, gemu, ulikuwa umecheza muda gani, na nini kilikuwa kinatokea kwenye kioo. Baada ya matukio matatu au manne utaanza kuona mtindo, na mtindo unasema mengi kuliko ujumbe wa kosa:

- Gemu moja tu ndiyo inayoanguka, nyingine zote ziko sawa: ishuku gemu hiyo kwanza, mafaili yake na mipangilio yake.
- Inacheza vizuri dakika 15 au 20, halafu inaanguka, na ukiirudia papo hapo inaanguka mapema zaidi: joto.
- Inaanguka pale picha inapobadilika ghafla kuwa nzito, au kompyuta inazimika kabisa kama umeme umekatwa: pawa saplai.
- Inaanguka ovyo, hata ukiwa unatazama video tu: ramu, kadi yenyewe, au draiva iliyochanganyika na ya zamani.

Halafu fungua Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows, ingia Windows Logs, kisha System, utafute dakika ile ile uliyoandika. Tukio namba 4101 lenye chanzo Display ni TDR yenyewe. Ndani yake utaona jina: nvlddmkm ni Nvidia, amdkmdag au amdwddmg ni AMD, igfx ni Intel. Kama kilichoandikwa ni Kernel-Power namba 41 peke yake, maana yake kompyuta ilizimika bila kuagana, na hapo macho yahamie kwenye umeme. Ukiona WHEA-Logger, prosesa au ubao mama wenyewe umeripoti hitilafu ya vifaa, na draiva unaweza kuiacha pembeni kwa muda.

Kosa langu lina namba ndefu. Inamaanisha nini?

Zile zinazoletwa mara nyingi ni hizi. DXGI_ERROR_DEVICE_HUNG, yaani 0x887A0006, kwa maelezo ya Microsoft ni kadi iliyokwama kwa sababu ya amri mbovu kutoka kwenye gemu. Kwa vitendo, kadi iliyopandishwa spidi nayo huitoa sana. DXGI_ERROR_DEVICE_REMOVED, 0x887A0005, ni pale gemu inapokuta kadi haipo tena: imezimwa, imechomoka, au draiva imewashwa upya ikiwa katikati ya kazi. Gemu zilizojengwa kwa Unreal Engine, mtambo wa kutengenezea gemu, huisema kwa maneno "D3D device being lost". Zinazotumia Vulkan, njia mojawapo ya gemu kuiagiza kadi ichore, husema VK_ERROR_DEVICE_LOST. Hayo yote ni mlio mmoja kwa lafudhi tofauti.

Minecraft ya Java ina wake: GLFW error 65542, ikilalamika kwamba draiva haina OpenGL, njia nyingine ya gemu kuiagiza kadi ichore. Hapo karibu kila mara kompyuta inatumia draiva ya dharura ya Windows, ile inayoonekana kwenye Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta, kama Microsoft Basic Display Adapter. Weka draiva halisi ya kadi yako na kosa litaondoka. Kama unayo ripoti ya Minecraft inayotaja EXCEPTION_ACCESS_VIOLATION, tazama jina la faili lililo chini yake: nvoglv64.dll ni ya Nvidia, atio6axx.dll ni ya AMD, na ig kisha namba kisha icd64.dll ni ya Intel.

Ujumbe wa "Out of video memory" nimeuwekea swali lake huko chini, kwa sababu unadanganya kuliko yote.

Draiva inafutwaje mpaka isibaki hata punje?

Kwa programu ya bure inayoitwa Display Driver Uninstaller, wenyewe wanaiita DDU, kutoka Wagnardsoft. Mpangilio wa hatua ndio wenye maana hapa.

Pakua kwanza draiva utakayoiweka, uihifadhi. Faili la Nvidia au AMD linakula mamia ya megabaiti, na hakuna kinachokera kama kufuta ya zamani halafu bando likaisha katikati ya kupakua mpya. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, hakikisha ufunguo wake wa dharura unao mkononi, maana Windows inaweza kukuomba. Kisha kata intaneti, chomoa waya au zima Wi-Fi, kwa sababu Windows Update ikikuta kompyuta haina draiva inajaza nafasi hiyo haraka kwa draiva yake, na mara nyingi ni ya zamani. Washa kompyuta kwenye Safe Mode, hali ambayo Windows inapakia vitu vya msingi tu, fungua DDU, chagua aina ya kadi, bonyeza ile ya kusafisha na kuwasha upya. Ikirudi, weka draiva uliyopakua, washa upya tena, ndipo urudishe intaneti.

Ukibadilisha kadi kutoka AMD kwenda Nvidia au kinyume chake, hii ni lazima. Kwa draiva ya kawaida inayopanda toleo moja si lazima hata kidogo. Usifanye kila mwezi kama dawa ya minyoo.

Draiva mpya kuliko zote si ndiyo bora?

Hapana, na historia ni shahidi. Machi 2010 Nvidia iliiondoa draiva yake namba 196.75 baada ya watumiaji kuripoti kwamba feni za kadi hazidhibitiwi vizuri na kadi zinachemka. Kadi za RTX 50 zilipotoka mwanzoni mwa 2025, wenye nazo walipitia miezi ya vioo vyeusi na gemu kuanguka, mpaka marekebisho mengi yakaja pamoja kwenye toleo 576.02 mwezi Aprili. Watu waliokuwa na kadi za zamani na draiva za mwaka uliotangulia, wengi wao waliendelea kucheza bila shida, na waliopata shida walirudi nyuma.

Kanuni yangu: kama gemu ni mpya au kadi ni mpya, chukua draiva mpya. Kama kadi ina miaka na gemu zako ni zile zile, baki na ile inayokutendea mema, na andika namba yake kwenye lile daftari. Tatizo likianza siku mbili baada ya kusasisha, usitafute mchawi: fungua Device Manager, kadi yako, Driver, kisha Roll Back Driver. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, pakua toleo la zamani kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi.

Hakikisha pia tatizo halikuanza siku Windows ilipojisasisha yenyewe. Wakati mwingine ndiyo iliyoibadilisha draiva usiku bila kukuuliza.

Kadi yangu ni ya zamani. Bado inatengenezewa draiva?

Inategemea. Kadi nyingi za GTX 600 na 700, zile za familia ya Kepler, zilipewa draiva yao ya mwisho ya gemu mwaka 2021. AMD nayo mwaka huo huo, mwezi Juni, iliachana na HD 7000, R9 200, R9 300 na Fury. Familia za Maxwell na Pascal, yaani kadi za GTX 900 na GTX 10 ambazo zimejaa kwenye kompyuta zetu, zilifika mwisho wa draiva za gemu Oktoba 2025. Zitapata marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Kadi haifi siku hiyo. Gemu zote zilizokuwa zinacheza zitaendelea kucheza, ila gemu mpya ikianguka kwenye kadi hiyo, hakuna atakayeirekebisha draiva kwa ajili yako.

Wenye kompyuta za ofisi za mtumba zenye prosesa za Intel za mwaka 2011 wana kisa kingine. Grafiki zake, HD 2000 na HD 3000, hazikuwahi kupata draiva rasmi ya Windows 10, na OpenGL yake inaishia 3.1. Minecraft tangu toleo 1.17 la Juni 2021 inataka 3.2. Hapo usihangaike na draiva, cheza toleo 1.16.5 au tafuta kadi ndogo ya kuchomeka.

Kompyuta yangu inachemka. Joto linaweza kuangusha draiva?

Linaweza, ingawa si kwa njia ambayo wengi wanafikiri. Chipu yenyewe ina akili: ikifika kikomo chake inapunguza spidi. Kadi za GTX 10 zilianza kujizuia kwenye nyuzi 83 hivi, na AMD iliwahi kueleza kwamba sehemu yenye joto kali zaidi ndani ya kadi za RX 5700 inaweza kufika nyuzi 110 bila kuvunja kanuni. Kinachoanguka mapema ni vile vilivyo pembeni ya chipu, kumbukumbu na sehemu za kugawa umeme, hasa kwenye kadi ya miaka sita ambayo pesti yake ya kupitisha joto imekauka ikawa kama chokaa.

Sisi tulio Dar es Salaam, Tanga au Mombasa tuna mizigo miwili zaidi. Chumba bila kiyoyozi kinaanza na nyuzi 30 na zaidi kabla hata hujawasha kompyuta. Halafu kuna vumbi linaloshikana na unyevu wa bahari hadi likawa kama blanketi kwenye mapezi ya kupoozea. Fungua kasha, shika feni kwa kidole isizunguke, puliza vumbi kwa blowa ukiwa nje ya nyumba. Ukiwa hapo, ichomoe kadi na utazame meno yake ya dhahabu. Yakiwa na weusi au ukijani wa kutu, yafute kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowa spiriti safi ya isopropili, yaache yakauke, irudishe. Nimeona kadi iliyokuwa ikianguka kila siku ikapona kwa hilo peke yake.

Kisha weka kikomo cha fremu. Hii ni dawa ninayoiamini kuliko zote, na ni ya bure. Gemu ikiachwa huru inachora fremu mia tatu kwa sekunde kwenye menyu ambayo hakuna anayeitazama. Mwaka 2010 StarCraft II ilipotoka, menyu zake zisizo na kikomo zilizichemsha kadi za watu, na Blizzard ikawaelekeza waandike kikomo kwenye faili la mipangilio. Julai 2021, wakati wa majaribio ya New World, baadhi ya kadi za RTX 3090 za EVGA zilikufa kabisa kwenye hali kama hiyo, na EVGA baadaye ikasema kiini kilikuwa uchomeleaji hafifu kwenye kadi hizo. Kioo chako kikiwa cha 60 Hz, fremu 60 zinatosha. Kikomo unakiweka ndani ya gemu, au kwenye programu ya Nvidia au AMD.

Pawa saplai yangu inawasha kompyuta vizuri. Kwa nini niishuku?

Kuwasha si kazi ngumu. Kazi ni pale kadi inaporuka kutoka wati 30 hadi 180 kwa kufumba na kufumbua kwa sababu bomu limelipuka kwenye gemu.

Hesabu ni hizi. Mlango wa kadi kwenye ubao mama unatoa hadi wati 75. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. GTX 1050 Ti ya kawaida inajitosheleza kwa mlango peke yake, ndiyo maana inapendwa kwenye kompyuta ndogo za ofisi. RX 580 imekadiriwa wati 185, na huwezi kuilisha kwa pawa saplai ya ofisi ya wati 240 kwa kutumia adapta. Na adapta inayotoka kwenye waya wa SATA kwenda pini 8 naomba usiitumie kamwe: kichwa kimoja cha SATA kimetengenezwa kubeba kama wati 54 tu kwenye laini ya volti 12, na nilishaletewa vilivyoyeyuka.

Pawa saplai za bei ya chini zenye maandishi "750W" ubavuni nazo usiziamini kwa maandishi. Soma karatasi yake sehemu ya volti 12. Ampea zidisha kwa 12, hapo ndipo wati za kweli zilipo. Inyanyue pia: nzuri huwa nzito.

Umeme wa ukutani una sehemu yake. Umeme wetu unatakiwa uwe volti 230 Tanzania na 240 Kenya, lakini jioni mtaa mzima ukiwasha pasi na majiko unashuka, na usiku wa manane unapanda. Pawa saplai nzuri inavumilia. Dhaifu inapitisha mtikisiko huo hadi kwenye kadi. Kama gemu inaanguka kati ya saa 1 na saa 3 usiku tu, na asubuhi haianguki, jaribu kwenye nyumba ya mtaa mwingine au kwa UPS yenye stabilaiza kabla hujanunua chochote.

Nimenunua kadi ya mtumba na imeanza kuanguka siku ya kwanza. Nimeuziwa mbovu?

Pengine umeuziwa kitu kingine kabisa. Kuna kadi za zamani sana, GTS 450 na GTX 550 Ti, ambazo BIOS yake, programu ndogo iliyo ndani ya kadi yenyewe, imeandikwa upya ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Draiva ikija na kuitendea kama 1050 Ti, inaanguka au inakataa kuingia. Pakua GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, ambayo tangu 2018 ina uwezo wa kutambua nyingi za namna hii na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Kuna pia RX 580 2048SP, ambayo si bandia, imetengenezwa hivyo, lakini nguvu yake ni ya RX 570. Muuzaji anapaswa kukuambia.

Kadi zilizochimba sarafu za kidijitali nazo ziliingia sokoni kwa wingi baada ya Ethereum kuacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022. Kuchimba si lazima kuwe kumeiua, ila wachimbaji wengi walibadilisha BIOS kwa ajili ya kumbukumbu, na BIOS hiyo kwenye gemu huleta maangusho. Kurudisha BIOS ya asili kunawezekana, lakini ukikosea kadi haiwaki tena. Kama hujawahi, mpelekee fundi aliyewahi.

Ukinunua, iombe iwashwe dukani kwa dakika 20 angalau ikichora Heaven ya Unigine, programu ya kuipima kadi. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Sijapandisha spidi yoyote. Kwa nini naambiwa nipunguze?

Kwa sababu huenda kiwanda kilikupandishia. Kadi zenye neno OC kwenye boksi zimeongezwa spidi, na kilichokuwa kinavumilika mwaka wa kwanza huenda kisivumilike mwaka wa tano. Kwa Nvidia kuna jaribio la sekunde tano: kwenye Nvidia Control Panel, menyu ya Help, washa Debug mode. Kadi inarudi kwenye spidi ya asili ya Nvidia. Gemu ikiacha kuanguka, umepata jibu. Kwa AMD, tumia MSI Afterburner au programu yao wenyewe kupunguza megahezi 50, kisha 100.

Ramu pia. Ile mipangilio ya XMP au EXPO kwenye BIOS ya ubao mama ni kupandisha spidi, hata kama jina lake halisemi hivyo. Izime, cheza siku mbili. Kisha acha MemTest86, programu ya kupima ramu, ifanye kazi usiku kucha. Kosa moja tu ni kosa, hakuna ramu "nzuri kiasi".

Gemu inasema "Out of video memory" na kadi yangu ina GB 12. Inawezekanaje?

Hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu kosa hili limewafanya watu wengi kununua kadi mpya bure.

Kama prosesa yako ni Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au cha 14 ya kompyuta ya mezani, mshuku yeye kabla ya kadi. Gemu za Unreal Engine zikianza hufungua mafurushi makubwa ya data na kutayarisha michoro, kazi inayofanywa na prosesa. Prosesa ikikosea hesabu moja, furushi linafunguka limeharibika, na gemu inatoa ujumbe wa kumbukumbu ya video kuisha ingawa haijaisha. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa hizi zilikuwa zinaomba volti kubwa mno, hali iliyozichakaza kidogo kidogo. Marekebisho yalikuja kupitia BIOS ya ubao mama: toleo 0x129 mwezi Agosti 2024, kisha 0x12B mwezi Septemba. Waranti ya prosesa zilizohusika iliongezwa miaka 2.

Ishara nyingine ya ugonjwa huu: draiva ya Nvidia yenyewe inashindwa kujifungua wakati wa kuiweka, au mafaili ya zip yanasema yameharibika leo na kesho yanafunguka. Kadi ya grafiki haihusiki na kufungua zip. Sasisha BIOS ya ubao mama leo hii, hata kama hujapata tatizo bado. Lakini elewa kwamba marekebisho yanazuia uharibifu mpya tu. Prosesa iliyokwisha kuchakaa haiponi, na kinachobaki ni kudai waranti.

Kwa wasio na prosesa hizo, kosa hili huwa linasema kweli: punguza ubora wa picha za nyuso na ramani (Texture Quality), na hakikisha faili la kubadilishana kumbukumbu la Windows halijazimwa.

Niongeze TdrDelay, muda wa kusubiri wa yule mlinzi TDR, kwenye Registry (hazina ya mipangilio ya Windows) kama wanavyosema kwenye video?

Kwa gemu, hapana. Unamwambia mlinzi asubiri sekunde 10 badala ya 2, kwa hiyo utakaa mbele ya kioo kilichoganda kwa sekunde 10 kabla ya gemu kufa vilevile. Ina maana kwa anayechora filamu za 3D au anayefundisha modeli, ambaye kazi moja halali inaweza kuchukua sekunde kadhaa.

Laptopu yangu ina kadi mbili na gemu inatumia ile dhaifu.

Settings, System, Display, Graphics, chagua gemu yako, weka High performance. Cheza ukiwa umechomeka chaja yake halisi, kwa sababu betri peke yake haiwezi kulisha kadi kubwa. Draiva za Intel na za kadi kubwa zisasishe zote mbili, maana picha ya ile kubwa mara nyingi hupita kwa ile ndogo kabla ya kufika kwenye kioo. Tatizo likiendelea, rudi kwenye draiva iliyo kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu, hata ikiwa ya mwaka jana.

Kuna mambo madogo ya kujaribu kabla ya kufungua kasha?

Yapo. Kwenye Steam, thibitisha uzima wa mafaili ya gemu. Futa DirectX Shader Cache kupitia Disk Cleanup, hasa kama gemu inaanguka tangu uliposasisha draiva. Mara ya kwanza gemu itakuwa nzito kidogo inapojitayarisha upya, ivumilie. Zima vibandiko vyote vinavyochora juu ya gemu, vya Discord, vya kurekodi na vya kuonyesha fremu. Kwenye mipangilio ya gemu, jaribu DirectX 11 badala ya 12 kama inaruhusu. Kioo kikikwama, Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja huiwasha upya draiva bila kuzima kompyuta, na wakati mwingine huokoa kazi iliyokuwa wazi.

Jaribu kimoja kimoja. Ukibadilisha vitano kwa siku moja na tatizo likaondoka, hutajua kipi kilikuponya, na likirudi utaanza upya.

Nitajuaje kwamba kadi imefika mwisho?

Ukiona vimraba vya rangi, mistari au nukunuku hata kwenye kioo cha BIOS, kabla Windows haijapakia draiva yoyote, hapo draiva haipo kabisa na haiwezi kulaumiwa. Kumbukumbu au chipu ya kadi ndiyo inayoumwa. Kama dalili zinatokea ndani ya Windows tu, ipeleke kadi kwenye kompyuta ya rafiki yenye pawa saplai unayoiamini. Ikianguka na huko, ni kadi. Ikicheza saa mbili bila kosa, kadi ni nzima, na unarudi nyumbani kuchunguza umeme, ramu na ubao mama.

Usiioke kwenye oveni. Joto lile linaweza kuifufua kwa wiki mbili, kisha inakufa moja kwa moja, na plastiki inayoungua inatoa moshi kwenye oveni ile ile mnayopikia chakula cha watoto. Fundi mwenye mashine ya kubadilisha chipu za kumbukumbu anaweza kuitengeneza, na chipu moja iliyokufa ni kazi anayoiweza. Mpelekee na daftari lako, lenye tarehe, gemu, namba za makosa na mambo uliyokwisha kujaribu. Litamwondolea nusu siku ya kubahatisha, na nusu siku hiyo ungeilipia wewe.